Damu Mbichi Isiguse Kioo

Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nawaambia nilikuwa kwenye utafiti. Si uongo. Chuo cha utabibu, ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, mlango wa kushoto: humo nimekaa miaka kumi na tisa, mikono ndani ya sabuni mpaka viwiko. Wapo wanaoita hiyo kazi kuosha vyombo. Haya, waite. Msomi akivunja tyubu anasema bahati mbaya; mimi nikivunja tyubu naandika barua ya kujieleza. Sasa niambieni nani kati yetu alikuwa na kazi nzito.

Jina nililopewa na wazazi wangu pale halikutumika. Niliitwa Shangazi, hata na watu walionizidi umri. Na huyu ninayetaka kuwasimulia naye jina lake lilikaa kwenye mafaili tu. Mbele yake tulimwita Daktari, nyuma yake Bwana Taratibu, maana sijapata kuona mtu wa namna ile. Kupanda ngazi, taratibu. Kumenya chungwa, taratibu. Ukimsalimia asubuhi, jibu unalipata ukishafika kwenye sinki lako. Wahenga wanasema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Huyu wetu alikwenda pole mpaka akakuta wenzake wamekula nyama, wamegawana mifupa na wanachokonoa meno.

Hata hiyo elimu yake aliipata kwa kuchelewa. Alikuwa mtoto wa fundi viatu, akili anazo, akapelekwa kusomea dawa na jinsi zinavyofanya kazi mwilini. Siku ya wanafunzi kuchagua mada, wenzake walikimbilia moyo, wakakimbilia saratani, wakakimbilia ubongo, vitu ambavyo mtu akivitaja ukweni anaongezewa kiti. Yeye alifika mwisho, akakuta kimebaki uvimbe. Akasema sawa. Akauchukua, na hakuuacha tena.

Kitu chenyewe alichokisoma kinaitwa bradikinini. Msiogope jina, mimi niliishia shule ya msingi na nimelizoea. Ukijikata, ukiungua, ukiteguka, mwili wenyewe unakitengeneza kitu hicho. Kikishatoka kinatanua mishipa, maji ya damu yanavuja, panavimba, panakuwa pekundu, panauma. Yaani mwili umeshaumizwa, halafu nao unaamua kujiongezea. Kinadumu sekunde chache tu, kisha mwili unakikatakata. Hizo sekunde chache ndizo Daktari alizozipa miaka ishirini na miwili ya maisha yake.

Ndugu zake hawakumwelewa hata siku moja. Majirani walimletea watoto wenye homa, akawaambia yeye ni daktari lakini si wa watu. Wakauliza, basi wa nini? Akawaeleza. Wakaondoka na watoto wao wakiwa na homa ileile. Mjomba wake alimwambia mbele ya ukoo mzima kwamba amesomeshwa kwa viatu vya watu ili aje kuchezea matumbo ya panya. Na shemeji yake, kaka wa mkewe, hakumsamehe kabisa. Siku moja nyumbani kwa shemeji huyo nyigu alimuuma mwenye nyumba mdomoni, mdomo ukavimba, watu wanahangaika kutafuta barafu, na Daktari amesimama na saa mkononi anauliza maumivu yalianza sekunde ya ngapi. Kisha akatoa rula. Mkewe, Mama Mapacha, aliniambia siku ile alitamani ardhi ipasuke immeze na rula yake.

Lile la panya nalo mjomba alikosea. Alikuwa simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia, anayefanana na panya aliyeolewa pazuri. Daktari alichukua kipande cha utumbo wake, urefu wa kidole, akakining'iniza kwa uzi ndani ya kibomba chenye maji ya chumvi ya uvuguvugu. Uzi ulifungwa kwenye kijiti chenye kalamu, na kalamu iligusa karatasi inayozunguka. Ukidondoshea bradikinini, utumbo unajikunja, taratibu kabisa, na kalamu inapanda inachora kilima. Kilima kikubwa, bradikinini nyingi. Kilima kidogo, kidogo. Nilikuwa nikimtazama ameketi mbele ya ule utumbo, mmoja hana haraka na mwenzake hana haraka, nikasema kweli kila chombo na mfuniko wake.

Alikuwa na sheria moja tu, ameiandika kwa wino mwekundu na kuibandika mlangoni: DAMU MBICHI ISIGUSE KIOO. Vyombo vingine vya kioo tulikuwa navyo tele, na mimi ndiye niliyeviosha. Ila damu iliyotoka tu kwa mtu ilikuwa haigusi kioo. Sababu ni kwamba damu ikikutana na kioo inadhani imemwagika kwenye jeraha. Inashtuka, inaanza kutengeneza bradikinini yenyewe humohumo ndani ya chupa, wakati mwenye damu kakaa zake nje anasoma gazeti, hana hata upele. Kwa hiyo damu ilichukuliwa kwa tyubu za plastiki, na zikishatumika zinatupwa. Jambo hili alilifundisha kila mwaka. Wanafunzi waliliandika, wakalijibu kwenye mtihani, wakalisahau wakitoka mlangoni.

Sasa tuje kwenye uprofesa. Daktari aliuomba mara tatu. Mara ya kwanza kamati ikasema maandiko yake ni machache. Akarudi kuandika, na mnajua kasi yake. Mara ya pili wakasema maandiko yametosha ila yote yanahusu utumbo. Mara ya tatu faili lake halikufika kwenye kikao. Lilipatikana wiki mbili baadaye ofisini kwa Mkuu wa Idara, limewekwa chini ya chungu cha maua ili kisilowanishe meza.

Mkuu wa Idara tulimwita Bwana Utepe. Kazi yake kubwa ilikuwa kukata utepe. Choo kikipakwa rangi, anakata utepe. Printa mpya ikiletwa, anakata utepe na kupigwa picha ameishika begani. Kusaini karatasi ndiko kulikomshinda.

Mara ya nne ndiyo ilikuwa ya mwisho. Daktari alikuwa amebakiza miezi saba kustaafu. Akipata uprofesa, sheria ya chuo inamwongezea miaka mitano na maabara yake inabaki. Asipopata, anakwenda nyumbani na chumba kinageuzwa ukumbi wa mikutano. Bwana Utepe alikuwa ameshakuja na fundi mapazia kupima madirisha, sisi tukiwa humohumo ndani, bila hata kutuomba samahani.

Lakini safari hii Daktari alikuwa na kitu. Mwaka mzima alikuwa amepima damu ya wagonjwa arobaini wa kliniki ya magoti, watu waliovimba na kuumwa miaka, akailinganisha na damu ya watu arobaini wenye afya, wafanyakazi wa pale pale chuoni. Bradikinini ya wagonjwa ilikuwa mara tatu ya ile ya wazima. Mara tatu! Kalamu ilichora vilima mpaka karatasi ikawa fupi. Kiwanda kimoja cha dawa kikasikia, kikasema kina dawa mpya ya kuizuia bradikinini isifanye kazi, kikaomba waanze na wagonjwa kumi. Hao kumi wangeacha vidonge vyao vya siku zote, wapewe dawa mpya peke yake. Bwana Utepe, ambaye jina lake lilikuwa la nane kwenye ule utafiti, ndani ya wiki moja likawa la kwanza. Sijui lilipandaje. Yeye kupanda ngazi tu alikuwa anahema.

Kikao kikapangwa Alhamisi. Mama Mapacha alianza kujiita Mama Profesa kuanzia Jumapili, kujizoesha ulimi. Alichongesha na kibao cha shaba cha mlangoni, neno Profesa kwa herufi kubwa na jina la mumewe chini yake. Daktari aliniambia kwa aibu, lakini nilimwona anatabasamu. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kama ningekuwa mimi, kwa sababu mtu yule alikuwa hajawahi kunipigia kelele hata siku moja, na katika jengo lile huo ulikuwa ugonjwa adimu.

Jumatatu jioni alikuja kwenye sinki langu kujizoeza hotuba. Nyumbani walikuwa wameshaichoka. Nikamwambia sema, mimi nasikiliza kwa masikio, mikono haihusiki. Akaanza. Wagonjwa arobaini, wenye afya arobaini, damu imechukuliwa hivi, imezungushwa kwenye mashine hivi, maji yake ya juu yamemiminwa hivi. Na mimi, mdomo wangu huu ambao mama yangu alishausema tangu nikiwa mdogo, ukauliza.

"Daktari, hao arobaini wenye afya, mbona tyubu zao sijawahi kuziosha?"

Akacheka kidogo. Akasema tyubu za damu ni za plastiki, haziji kwangu, zinatupwa zote.

"Za wagonjwa zinakuja," nikasema. "Mwaka mzima naziosha. Zile za kioo, zenye kizibo chekundu."

Akashusha karatasi zake. Kwa kawaida hajibu upesi, kwa hiyo niliendelea kusuuza. Nilipogeuka nikakuta amekaa juu ya ndoo yangu iliyofudikizwa, karatasi za hotuba ziko sakafuni kwenye maji, na hajisumbui kuziokota. Akaniuliza ngapi. Nikamfungulia daftari langu la vyombo, ambamo ninaandika kila kilichoingia na kilichovunjika: arobaini, mojamoja, na tarehe zake.

Tulishuka wote kliniki. Muuguzi aliyekuwa akiwatoa damu wagonjwa hakuficha kitu, maskini. Tyubu za plastiki zilikuwa zimemwishia kabla hata ya mgonjwa wa kwanza. Akajaza fomu ya kuomba nyingine, fomu ikaenda kusainiwa na Mkuu wa Idara, na huko ikakaa miezi kumi na moja. Alipokwenda kuulizia akaambiwa kazi isisimame, atumie zilizopo. Zilizopo kabatini zilikuwa za kioo. Akachukua damu kwa kioo, akaizungusha, akamimina maji ya juu kwenye vikopo vidogo vya plastiki, akapandisha vikopo kwa Daktari na tyubu akaniletea mimi kwenye ndoo. Daktari kila siku aliona plastiki. Kioo nilikiona mimi. Na mimi nani angeniuliza? Watu wenye afya wao walichukuliwa damu juu, mbele ya macho yake, kwa plastiki, chini ya ile sheria ya wino mwekundu. Fomu ya muuguzi niliiona baadaye kwa macho yangu ofisini. Mnajua ilikuwa wapi. Chungu cha maua kilikuwa kimehamia juu yake.

Kesho yake asubuhi Daktari alimwita muuguzi, akakunja mkono wa shati. Akatolewa damu, nusu kwenye plastiki, nusu kwenye kioo. Nami nikatoa, plastiki na kioo. Wote wawili tulikuwa wazima, tumepanda ngazi za ghorofa tatu kwa miguu yetu wenyewe. Utumbo ukaning'inizwa. Akadondoshea ya plastiki, kalamu ikatikisika kidogo ikatulia. Akadondoshea ya kioo. Kalamu ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda, mpaka nikamwambia basi Daktari, mbona inatosha. Kwa kipimo kile mimi na yeye tulikuwa wagonjwa kuliko wagonjwa wote wa kliniki. Mwaka mzima alikuwa akipima maumivu ya chupa.

Akapiga mstari chini ya kilima, akaandika tarehe kwa mwandiko wake uleule mzuri. Niliogopa atazimia. Moyoni nilijilaani. Mwaka mzima nimeziosha zile tyubu nikiwa kimya, halafu nafungua mdomo siku tatu kabla ya kikao! Ningeuliza mapema angerudia kazi yake. Ningenyamaza kabisa angekuwa profesa. Mimi nikachagua katikati.

Alikwenda kumweleza Bwana Utepe. Nilipeleka chai, na mlango haukufungwa vizuri, kwa hiyo niliyoyasikia si umbea, ni hewa iliyopita. Bwana Utepe alikuwa mpole ajabu. Alimwambia sayansi ni safari ndefu. Alimwambia hakuna anayesema uongo, ila kila jambo lina wakati wake, kikao ni Alhamisi, na hizo habari za tyubu zinaweza kukaa vizuri tu mpaka mwezi ujao, zikachunguzwa na kamati ndogo. Akamkumbusha ana miezi saba. Akamkumbusha na mimi, kwamba maabara ikifungwa Shangazi naye hana pa kwenda. Sikujua kama ananipenda hivyo.

Daktari alirudi akakaa mbele ya utumbo, ambao ulikuwa umeshakufa. Akakaa saa nzima. Mimi nikamwambia asinihesabu mimi, nina mikono, na dunia hii haijaishiwa na vitu vichafu.

"Shangazi," akasema, "Jumatatu kuna watu kumi wataacha vidonge vyao. Kwa sababu ya chupa."

Jioni akaenda zake nyumbani. Hakumwambia mkewe kitu. Jumatano yote alirudia kipimo, mara nne, kwa damu yake na ya muuguzi, kana kwamba huenda kioo kingebadilisha mawazo. Hakikubadilisha.

Alhamisi nilikuwa ndani ya kikao, maana chai ya wakubwa haijipeleki. Watu tisa, makoti tisa, chupa za maji tisa. Penye wazee haliharibiki neno, au ndivyo tunavyoambiwa. Bwana Utepe alimkaribisha mgombea kwa maneno matamu, akataja mara tatu ile mara tatu. Daktari akasimama. Alikuwa amevaa suti ya harusi yake, inambana mabegani. Hakufungua hotuba. Alitoa mfukoni tyubu mbili, moja ya kioo na moja ya plastiki, akaziweka mezani, na pembeni yake karatasi yenye kilima cha damu yake mwenyewe. Akaeleza kwa utaratibu wake uleule, na kwa mara ya kwanza nilitamani aharakishe, kwa sababu nilikuwa siwezi kuvumilia.

"Nilichokipima si ugonjwa wa magoti," akamalizia. "Ni kioo. Naomba matokeo yangu yafutwe, na ile dawa isianze."

Bwana Utepe aliangalia saa. Mwenyekiti akavua miwani. Kisha wakaanza kumsifu. Walimsifu kwa dakika kumi nzima, uadilifu wake, ujasiri wake, mfano wake kwa vijana, na hapo ndipo nilipojua kwamba hapati. Anayepewa hasifiwi hivyo, anapewa tu. Kura haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Kabla ya saa sita Bwana Utepe alikuwa ameshaandika barua kuondoa jina lake kwenye ule utafiti. Alisema tangu mwanzo alikuwa na mashaka. Jina lililokuwa la nane, likawa la kwanza, sasa halikuwepo, na nadhani hiyo ndiyo karatasi pekee aliyowahi kuisaini siku hiyohiyo.

Wagonjwa kumi wakabaki na vidonge vyao. Hakuna aliyekuja kushukuru, na wangeshukuru nini? Mtu hajui shimo ambalo hakutumbukia.

Aliyekuja ni Mama Mapacha. Ijumaa asubuhi, amejifunga kitambaa kichwani, macho mekundu. Mumewe alimweleza yote, na mume yule hakujua kusimulia jambo bila kutaja kila aliyehusika. Alisimama mlangoni mwa chumba changu cha kuoshea, akanitazama mimi, akaitazama mikono yangu.

"Ungenyamaza siku nne tu, Shangazi," akasema. "Siku nne."

Siku hizo nne nazihesabu mpaka leo. Akatoa kwenye mfuko kile kibao cha shaba, akakitupa ndani ya sinki, kikazama kwenye povu. Akaniambia hicho nacho nikioshe, maana kuosha ndiko ninakokujua. Akaondoka. Nilikitoa, kikiwa kimeingia doa pembeni. Nikakisugua, kwa sababu chombo kichafu mimi sikiwezi hata kiwe cha adui, na huyu hakuwa adui. Nikakikausha, nikakiweka kwenye droo chini ya taulo. Nililia pale, sitaki kuwadanganya, nikafungulia maji ya bomba wasisikie.

Kati ya miezi saba iliyobaki, miwili Daktari aliitumia kuandika ukurasa mmoja. Mmoja tu. Ulieleza jinsi damu ilivyopita kwenye kioo bila mtafiti kujua, vilima vinne, na onyo kwamba mtu asiamini fomu, aende mwenyewe akaangalie kinachoingia kwenye sinki. Alipomaliza aliniita, akanionyesha juu kabisa. Majina mawili. La kwanza lake, la pili langu, lile nililopewa na wazazi wangu, limeandikwa lote bila kukosewa. Nikamwambia aache mchezo, watu watamcheka. Akasema jambo lenyewe niliona mimi, na mwenye kuona ndiye anayeandikwa, ndiyo sheria. Kweli watu walicheka. Bwana Utepe alicheka kwenye kikao cha idara mpaka akakohoa. Ukurasa ukatumwa ng'ambo, ukachapishwa kwenye jarida ambalo sijui nani analisoma.

Siku ya mwisho tulikuwa tunafunga maboksi. Fundi mapazia alikuwa ameshaanza kazi upande wa pili, na utepe ulikuwa umeshanunuliwa, niliuona kwa katibu, wa rangi ya samawati. Katibu huyohuyo akaleta barua. Ilitoka mbali, stempu ya ndege mkubwa, na kwenye bahasha jina langu lilikuwa la kwanza, sijui walipangaje. Nikampa Daktari anisomee, maana ilikuwa kwa lugha yao.

Akaanza kunitafsiria. Walisema wamesoma ule ukurasa wetu. Walisema wao nao walikuwa wamepima wagonjwa mia mbili na wakashangaa jinsi bradikinini ilivyo nyingi, na walikuwa wanajiandaa kuwapa dawa. Baada ya kusoma wakaenda kufungua makabati ya kliniki yao, wakakuta kioo. Wamesimamisha kila kitu. Wanatushukuru sana, wanaomba tuwashauri waanzie wapi. Akafika mwisho, akarudi juu kwenye mstari wa kwanza ambao alikuwa ameuruka. Nikamwuliza pale wameandika nini.

"Wameandika, Wapendwa Maprofesa," akasema. Akaikunja barua taratibu. "Wametukosea, Shangazi."

"Kwangu ndiyo wamekosea," nikamwambia.

Akaniangalia. Nikafungua droo, nikainua taulo, nikatoa kile kibao nikakiweka juu ya boksi lake, kinang'aa mpaka jina linasomeka kutoka dirishani. Akakishika kwa mikono miwili, akakigeuza nyuma na mbele. Akauliza nani amekisugua.

"Humu ndani nani mwingine anaosha?" nikasema.

Akacheka, na kucheka kukageuka, nami sikuwa na maji ya kufungulia maana bomba lilikuwa limeshafungwa. Tukalia wote wawili kama watoto, fundi mapazia akiwa juu ya ngazi anajifanya anahesabu ndoano. Baadaye tukabeba maboksi. Tulishuka ghorofa tatu kwa mwendo wake, na safari hiyo sikumwambia aharakishe.